Alitikisa gunia, tukampigia makofi

Mwaka 2021 wezi walituingilia Goba mara mbili ndani ya miezi mitatu. Mara ya kwanza walibeba mtungi wa gesi na viatu vilivyokuwa kibarazani. Mara ya pili walikata nondo ya dirisha la jikoni tukiwa tumelala, wakaondoka na simu mbili na laptopu ya ofisini kwangu. Asubuhi yake mke wangu alisema maneno machache tu: "Tafuta mbwa, au tafuta nyumba nyingine."

Nikatafuta mbwa. Jamaa mmoja wa Mbezi alikuwa na watoto wa German Shepherd wa wiki nane, nikatoa laki nane kwa dume mmoja ambaye masikio yake yalikuwa bado yamelala. Nikamwita Kamanda. Mlinzi wa jirani, mtu wa Tanga, aliniambia mbwa wa ulinzi ameruhusiwa, ila nisimpitishe njia ya msikitini alfajiri watu wakiwa wametawadha. Nikamwahidi. Katika maagizo yote ya mbwa niliyopewa mwaka ule, hilo ndilo pekee nililolifuata sawasawa.

Namwandikia mtu ambaye leo ana mbwa wa miezi sita, bado anasikia vishindo vya wezi usingizini, na kuna mtu pembeni anamwambia, "Huyu tumchangamshe mapema."

Mimi niliambiwa hivyo hivyo. Mwalimu wa kwanza alikuwa anakuja na pikipiki, gunia la mkonge na fimbo ya mwanzi. Laki mbili na nusu kwa mwezi, siku tatu kwa wiki, saa tisa alasiri. Kamanda alifungwa kwenye mwembe kwa mnyororo. Mwalimu alijizungushia gunia mkononi, akamjia huku amejikunja kama mwizi wa kwenye maigizo, akipiga fimbo chini, halafu ubavuni mwa mbwa, halafu chini tena. Mbwa akabweka, akarudi nyuma hadi mnyororo ukaisha. Alipokosa pa kwenda akauma gunia, akalitikisa kwa nguvu, kushoto, kulia, kushoto.

"Umeona?" mwalimu akapaza sauti. "Anaua huyo!"

Tukapiga makofi. Watoto wa jirani waliokuwa wamekaa juu ya ukuta nao wakapiga makofi. Nilirekodi video, nikaiweka kwenye kundi la ukoo, na baba mdogo kutoka Singida akajibu: "Sasa hapo una mbwa." Nilivimba kichwa, sitadanganya.

Yaliyokuwa yakitokea mbele ya macho yangu nayakumbuka vizuri, kwa sababu video ile nimeitazama mara nyingi sana baadaye. Alikuwa anashika ukingo wa gunia kwa meno madogo ya mbele. Anatikisa, anaachia, anashika sehemu nyingine, anatafuna kama anayekula mua, anatikisa tena. Muda wote ananguruma kama pikipiki iliyotoboka ekzosi. Mimi nilisikia ngurumo nikaona mtikiso, nikajumlisha mawili hayo nikapata ushujaa.

Kwenye mwezi wake wa sita gunia lilianza kutoka na madoa ya damu. Mwalimu akasema ndiyo damu ya mpiganaji. Siku moja nikaokota jino barazani, nikadhani mbwa ametafuna jiwe. Hakuna aliyeniambia, wala mimi sikuuliza, kwamba mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni, na kati ya mwezi wa nne na wa saba hivi yanang'oka kupisha 42 ya ukubwani. Ufizi unauma. Mtoto wa mtu akiwa katika hali hiyo tunampa uji, mimi wangu nilikuwa namlipia mtu amvutanishe na gunia.

Ilipotimu miezi kumi, yakatokea.

Ilikuwa Alhamisi, jua bado kali. Mwalimu alikuwa amekuja na slivu, ule mkono mnene wa kuvaa uliojazwa sponji, akaniambia safari hii hatutamfunga mtini, mimi nimshike kwa kola. Kamanda akauma, akaanza yale yake ya kuachia na kushika, kuachia na kushika. Mwalimu akampiga fimbo mbavuni "ili akaze". Mimi nikaingiza mkono wa kushoto kuvuta kola ile ya chini iliyokuwa inamkaba. Sikumbuki kuona kichwa kikigeuka. Nakumbuka kushtuka kwamba ninachokiona mdomoni mwake ni mkono wangu, na kwamba anautikisa.

Mitikiso miwili. Akaachia, akanitazama, akalala chini kifudifudi.

Meno yenyewe hutoboa, lakini mtikiso ndio unaochana. Matundu ya chonge yalikuwa manne. Pale aliponitikisia, ngozi ilifunguka kama begi lililokatika zipu. Dada wetu wa kazi ndiye aliyekuwa na akili siku hiyo. Alinikokota hadi bombani, akachukua kipande cha sabuni ya mche, akaniosha huku mimi nikipiga kelele anaumiza. Nikitaka kuutoa mkono anasema, "Bado, kaka, bado." Robo saa nzima. Daktari aliponiona alisema bora tulianzia hapo, maana kuosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 ndiyo hatua ya kwanza ya kujikinga na kichaa cha mbwa, kabla hata ya sindano. Jeraha hawakulishona siku ile. Walilisafisha na kuliacha wazi, wakanichoma ya pepopunda na ya kwanza ya kichaa cha mbwa, nikapangiwa nyingine tatu.

Kwa nini sindano wakati mbwa ni wangu na ana chanjo? Kwa sababu kadi ya chanjo ilikuwa kabatini na tarehe ya kurudia ilikuwa imepita. Chanjo niliyoisahau ingenigharimu elfu kumi. Sindano zangu, dawa na kubadilisha bandeji kwa wiki tatu vilinila laki tatu na ushee, bila kuhesabu siku nilizokosa kazini. Mbwa naye akafungiwa siku kumi za kuangaliwa.

Jioni ile nilimpigia mwalimu simu. Akacheka, akasema, "Hongera, sasa ameiva." Sikumpigia tena.

Zile siku kumi ndizo zilizokuwa ngumu kuliko mkono. Nilikuwa namwogopa mbwa niliyemlisha kwa mkono siku za mwanzo. Nikimpelekea chakula nakisukuma kwa fimbo ya ufagio. Mke wangu alitaka adungwe sindano alale moja kwa moja, na sikuwa na hoja ya kumpinga. Aliyeniokoa ni daktari wa mifugo aliyekuja kumwangalia. Alimtazama Kamanda kwa muda, akaniandikia namba kwenye kadi. Kuna mzee Kibaha, akasema, alistaafu kwenye kikosi cha mbwa na farasi cha polisi. "Nenda kamsikilize kabla hujaamua."

Nikaenda peke yangu, mkono umefungwa bandeji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbwa yuko wapi?"

"Sijamleta mzee, nina video."

Alivaa miwani, akachukua simu, na kabla hajabonyeza chochote akasema, "Zima sauti."

Nikazima. Tukaitazama ile video ya makofi, mara tatu, kimya kimya, tukiwa tumekaa kwenye benchi chini ya mkorosho. Bila ngurumo, bila kelele zetu, ilikuwa video nyingine kabisa. Mzee alikuwa anaweka kidole juu ya kioo. Angalia miguu ya nyuma: inachimba kwenda wapi? Ilikuwa inachimba kurudi nyuma. Mkia uko wapi? Umebanwa. Masikio? Yamelazwa. Akasimamisha picha kwenye jicho, nikaona weupe umetoka kama mwezi mchanga: mbwa ameuma gunia, lakini anaangalia upenyo wa kukimbilia.

"Sasa tazama mwisho," akasema. Mwishoni mwalimu anaondoka, gunia linaanguka. Kamanda haligusi. Anasogea pembeni, anajikung'uta mwili mzima toka pua hadi mkia, kama mbwa aliyetoka mvuani.

"Mvua ilinyesha saa ngapi?" mzee akaniuliza.

Video ilikuwa ya mwezi wa tisa, vumbi tupu.

Hapo ndipo aliponifundisha jambo ambalo Kiswahili kilikuwa kimeshaniwekea tayari, mimi nikalipita. Mbwa ana kutikisa, ana kujikung'uta, na ana kutetemeka. Kutikisa ni kwa kichwa na shingo, akiwa na kitu mdomoni. Kujikung'uta ni kwa mwili mzima, na kama hajalowa, mara nyingi anashusha mzigo uliokuwa unamwelemea. Kutetemeka ni kwa misuli, paja la nyuma hasa, na kunaweza kuwa baridi, maumivu, woga, au hamu tu ya kuachiwa. Kamanda alikuwa anafanya yote matatu ndani ya dakika moja. Sisi tukashangilia lile la kwanza tu.

Nikamuuliza kama kutikisa basi ni dalili ya woga. Akakunja uso, akasema usinielewe haraka. Kutikisa ni urithi. Mbwa mwitu, mbweha, hata yule koko wa sokoni akishika panya, humtikisa ili kumvunja shingo, na ndiyo maana mtoto wa mbwa wa wiki saba anatikisa soksi yako bila kufundishwa. Kwa hiyo kitendo chenyewe hakisemi kitu. Maana yake iko kwenye mambo yanayokizunguka: ameuma kwa meno gani, uzito wa mwili unakwenda mbele au nyuma, mdomo umetulia au unahamahama, na anafanya nini windo likishakufa. Mbwa anayeuma hadi magego, akasukuma kifua mbele, akatikisa mara mbili tatu pale windo linapojitutumua kisha akatulia, huyo anamaliza kazi. Anayeuma kwa ncha, akavuta nyuma na kutikisa bila kupumzika, anataka kitu hicho kiondoke maishani mwake.

"Na yule aliyekugeukia wewe," akaongeza, "hakukuchagua. Alikuwa amebanwa pande mbili, fimbo mbele, kola nyuma. Aliuma kilichomgusa."

Sijui kama sentensi hiyo ilinifariji au ilinitia aibu. Vyote viwili, nadhani.

Kabla hajakubali kumgusa alitaka mdomo ukaguliwe. Daktari alikuta chonge moja ya juu imepasuka, pengine kwa kutafuna ule mnyororo wa mwembeni. Kuing'oa kulinigharimu laki moja na ishirini. Kwa hiyo sehemu ya kule kuhamahama mdomo, tulikokuita ukali na mzee akakuita woga, ilikuwa ni jino. Hata mzee alikiri hilo. Tangu siku hiyo, mtu akinionyesha mbwa anayetafuna slivu, swali langu la kwanza ni lini mara ya mwisho alimfunua midomo akaangalia hadi nyuma. La pili ni saa ngapi wanafanya mazoezi. Sisi tulikuwa tunaanza saa tisa, na mbwa hana jasho la kumpoza kama letu, anapoa kwa kuhema. Mbwa mwenye joto hawezi kujaza mdomo gunia na wakati huo huo ahemee mdomo huo huo. Ataachia apate hewa, na wewe utaandika kwamba hana moyo. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 38 hadi 39, likivuka 41 hapo hatuzungumzii mafunzo tena, ni kuokoa maisha.

Mzee alitaka Jumamosi na Jumapili, saa 12 asubuhi, dakika 15. Nilipoona ni kidogo akasema mbwa anahitaji tano, kumi zilizobaki ni zangu.

Miezi mitatu ya kwanza hakukuwa na fimbo wala mtu wa kutisha. Kamanda alivalishwa mkanda mpana wa kifuani badala ya kola, ili akivuta asikabwe. Mjukuu wa mzee ndiye aliyekuwa dekoi, yule anayejifanya windo au mwizi ili mbwa ajifunze kuuma. Alikuwa hamtazami mbwa machoni, amesimama kiubavu, akiburuta kipande cha gunia chini kama panya anayekimbia. Kamanda wiki mbili za kwanza aliishia kukinusa na kurudi kwangu. Nikataka kumhimiza, "Kamata! Kamata!", mzee akanikata: "Wewe kelele zako ni fimbo nyingine." Nikanyamaza. Wiki ya tatu akakishika.

Kazi yote iliyofuata ilikuwa kwenye sekunde. Akishika kwa ncha, dekoi haachii, ila hamnyang'anyi pia. Kamba inabaki imekazwa kidogo, gunia limekaa kimya. Mbwa anapopumua anafungua mdomo kuingiza zaidi, na hapo hapo, kabla hujamaliza kusema "naam", dekoi analegeza na gunia linakuwa lake. Akitafuna, gunia linacheza kidogo kama linataka kuponyoka, na anajikuta lazima akaze. Mimi kazi yangu ilikuwa kumzungusha polepole na gunia lake mdomoni, kisha kuchuchumaa pembeni yake, kiganja chini ya kifua, nikimpapasa bila kuligusa gunia. Nilijifunza kuhesabu mapigo ya moyo wake kwa kiganja. Mwanzo yalikuwa yanakwenda mbio. Baada ya mwezi niliweza kuyahesabu bila kupotea.

Jambo moja la mwili: hatukumwinua hata siku moja juu kwa gunia akiwa ananing'inia, wala kumrusha huku na huku. Ile picha inayopendwa mitandaoni, mbwa akizungushwa hewani, kwa mbwa ambaye mifupa bado inakua ni njia ya kumharibia shingo na mgongo. Dekoi anayejua kazi hutikisika yeye, hamtikisi mbwa.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba mchezo huu wenyewe, wa kushindanisha mbwa wa kazi kwa kuuma slivu na mengine, ulizaliwa Ujerumani. Chama cha wafugaji wa German Shepherd kiliundwa 1899, Max von Stephanitz akiwa kiongozi, na mashindano ya kwanza ya aina hii yakafanyika 1901, kwa nia ya kupima ni mbwa gani wanaofaa kuzalishwa. Jina limebadilika mara kadhaa, sasa ni IGP, kifupi cha Kijerumani cha mtihani wa kimataifa wa mbwa wa kazi, na mtihani una sehemu tatu zenye alama 100 kila moja: kufuata nyayo kwa harufu, utii, kisha ulinzi. Kwenye ulinzi mwamuzi anatafuta mdomo uliojaa, uliokaza, uliotulia. Anayetafuna anapunguziwa. Kamanda wetu wa makofi angerudishwa nyumbani na alama za kumficha mtu uso.

Siku ninayoikumbuka ni Jumapili moja ya mwezi wa nne, manyunyu yanashuka. Dekoi alikuwa amevaa slivu kwa mara ya kwanza tangu nilipoumwa. Kamanda alikwenda mbele na kamba, akaingia. Sikusikia kitu. Ndicho kilichonishtua, kimya chake. Nilichungulia pembeni ya mdomo nikaona slivu limefika kwenye magego, midomo imekunjamana juu yake. Mkia ulikuwa umenyooka usawa wa mgongo. Miguu ya nyuma ilikuwa inasukuma mbele, kucha zimechora mistari miwili kwenye tope. Dekoi akajitutumua kidogo. Kamanda akatikisa mara tatu, mitikiso mizito inayoanzia mabegani, akatulia. Slivu likaachiwa, akalibeba, akazunguka nalo uwanja mzima kichwa juu.

Mzee akasema, "Hiyo ndiyo ya panya." Nilitokwa machozi, na kwa kuwa kulikuwa na manyunyu hakuna aliyejua.

Baada ya hapo nilitaka tuendelee hadi mwisho. Wiki chache baadaye mzee akaomba fimbo, ile laini ya ngozi yenye sponji, akamwambia mjukuu aiinue tu, asipige. Kamanda alikuwa ameuma vizuri, mdomo umejaa. Fimbo ilipopanda juu nikaona jicho likigeuka na weupe ukatoka. Magego yakaachia, akabaki na ncha, akaanza kutikisa bila kupumzika. Hakukimbia. Lakini mimi safari hii nilikuwa nimeshajua kusoma, na sikumsubiri mzee aseme.

"Basi, mzee," nikasema.

"Basi," akajibu. Akamwambia dekoi aishushe na ampe slivu mara moja, ili asiondoke na deni. Tukakaa benchini. Akaniambia kuna mbwa ambao ukiwapa mwaka mwingine wanaliruka hilo, na kuna ambao utawajengea ujasiri wa juu juu, halafu usiku mmoja utavunjika mbele ya mtoto wa mtu. Huyu ameanza vibaya, na aliyeumwa mara ya kwanza alikuwa bwana wake. Akauliza, "Wewe unataka mbwa wa kuuma mwizi, au unataka mwizi asiingie?"

Nilifanya hesabu ya mwaka ule barabarani nikirudi: mbwa, mwalimu wa kwanza, hospitali, jino, nauli za Kibaha. Ilivuka milioni tatu na nusu. Taa mbili za nje zenye kujiwasha mtu akipita, nilizokuja kuzifunga wiki iliyofuata, zilinigharimu laki na nusu na fundi akiwemo.

Kamanda sasa ana miaka minne na ushee. Usiku analala kibarazani, mtu akisogelea geti anabweka kwa sauti nzito hadi majirani wanawasha taa. Jumapili asubuhi tunacheza na kipande cha gunia dakika tano. Bado anatikisa, mara mbili tatu, kisha ananiletea. Chanjo yake nimeiandika kwenye kalenda ya ukutani kwa wino mwekundu.

Mwezi uliopita baba mdogo aliifukua ile video kwenye kundi, akauliza, "Hivi yule mbwa bado mkali?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Mwisho nikamjibu kwamba anabweka vizuri.